Kitu gani kikae mahali pa mkate? Viazi, uji, kiporo na chapati ya mtama vikilinganishwa kwa meza ya Dodoma

Mkate una sifa moja ambayo hakuna chakula kingine cha asubuhi kinachoifikia: haupikwi. Saa kumi na mbili kasoro robo, mtoto hajavaa soksi, daladala ya Mtumba haimngoji mtu. Mkate unakatwa, unapakwa siagi, unaliwa, watu wanatoka. Anayetaka kuuondoa mezani ajue hilo kwanza. Chakula kitakachoingia mahali pake lazima kijibu swali la muda kabla hakijajibu swali la lishe, la sivyo kitadumu wiki moja na mkate utarudi.

Naandika kwa ajili ya mtu wa Dodoma mjini au wilaya za jirani, Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, ambaye amechoka na mkate mweupe, au ameambiwa na daktari aupunguze, halafu akifika Soko la Majengo anaona vyakula vingi asijue kipi kinamfaa. Msimamo wangu nauweka mapema. Ukichagua mbadala, angalia kwanza sufuria: chakula kimechemshwa au kimekaangwa? Kisha angalia kikombe: chai ina sukari vijiko vingapi? Kisha angalia sahani: wanga uko peke yake au una mwenzake? Jina la chakula lenyewe linakuja nyuma ya hayo matatu. Aliyeacha mkate akahamia maandazi na chai ileile hajahama popote.

Mkate wenyewe, tuutendee haki

Slesi tatu za mkate mweupe, kama gramu 90 hivi, zina kalori karibu 240, protini gramu 8 na nyuzinyuzi gramu mbili na nusu. Protini hiyo si haba; inazidi ya viazi vitamu, mihogo na magimbi. Tena, kwa kanuni za mwaka 2011, unga wa ngano wa viwandani hapa nchini unatakiwa kuongezewa madini ya chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12. Kwa mama mjamzito asiyepata mboga za majani kila siku, huo ni msaada wa kweli. Wanaoulaani mkate mitandaoni hawalitaji hili hata kidogo.

Lawama zake zinajulikana. Ngano yake imekobolewa, imesagwa laini, imeumuliwa. Ikifika tumboni inageuka sukari upesi, na ikifika saa nne njaa imerudi, mtu anatafuta sambusa. Halafu kuna chumvi. Slesi hizo tatu hubeba karibu gramu moja ya chumvi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima. Mwenye presha anajinyima chumvi kwenye mboga ya mchana, kumbe asubuhi alishatumia sehemu ya tano ya kiwango chake bila kuonja uchumvi wowote mdomoni.

Lawama kubwa kwangu, hata hivyo, ni kampani yake. Hakuna anayekula mkate kwa mlenda. Mkate unaita siagi ya kopo, jemu na chai ya sukari, na hao watatu ndio wanaomaliza watu.

Upande wa mfuko, Tanzania inalima ngano, na mashamba ya Basotu kule Hanang yana historia ndefu, lakini sehemu kubwa ya ngano tunayokula huagizwa nje. Vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza mwaka 2022, bei ilisikika mpaka dukani kwa Mangi. Mtama wa Chamwino hausubiri meli.

Sahani kwa sahani

Kulinganisha gramu 100 za mkate na gramu 100 za kiazi kunadanganya, kwa sababu mkate ni mkavu na kiazi kimejaa maji. Kwa hiyo hapa chini nimeweka viwango vinavyokaribiana kwa nguvu, kati ya kalori 220 na 250 kila kimoja. Tarakimu ni za makadirio; mbegu, usagaji na upishi huzisogeza huku na huku.

| Chakula | Kiasi | Nyuzinyuzi | Protini | Chumvi |
|---|---|---|---|---|
| Mkate mweupe | slesi 3 (g 90) | g 2.5 | g 8 | karibu g 1 |
| Mkate wa ngano isiyokobolewa | slesi 3 (g 95) | g 6 | g 11 | karibu g 1 |
| Viazi vitamu vya kuchemsha | g 300 | g 7.5 | g 4 | kidogo sana |
| Muhogo wa kuchemsha | g 150 | g 2.5 | g 2 | kidogo sana |
| Magimbi ya kuchemsha | g 170 | g 8 | g 1 | kidogo sana |
| Uji wa uwele | unga g 65 | g 6 | g 7 | unayotia mwenyewe |
| Uji wa ulezi | unga g 70 | g 8 | g 5 | unayotia mwenyewe |

Soma safu ya protini kabla hujafurahia ile ya nyuzinyuzi. Kwa protini mkate mweupe unavishinda vyakula vyote vya mizizi na hata nafaka zetu unazipita kidogo. Ndiyo maana nasema wanga usikae peke yake: kiganja kimoja cha karanga, au yai moja lenye protini gramu 6, au kikombe cha maziwa mgando, ndicho kinachogeuza viazi kuwa chakula cha kumfikisha mtu saa saba mchana.

Viazi vitamu

Kwa wakazi wa Dodoma hiki ndicho kitu cha kwanza kujaribu, na sababu si ya kisayansi: viko karibu. Barabara kuu ya kwenda Morogoro inapita Gairo, na Gairo ni viazi. Magunia yamepangwa kando ya lami, mengine yamejazwa lumbesa mpaka yana kilemba. Msimu ukichanganya, fungu moja linalisha familia kwa bei ambayo mkate hauwezi kuifikia. Msimu ukiisha bei hupanda na viazi huwa vidogo vyenye nyuzi, hapo usilazimishe.

Vichemshe na maganda yake, maji kidogo, sufuria imefunikwa vizuri, usiku wakati mboga iko jikoni. Asubuhi unavipasha moto kwa mvuke wa maji kidogo, au hupashi kabisa. Hapo swali la muda limeshajibiwa: umevipika jana, leo unamenya tu. Kula na maganda ni hiari, ila ukiyaosha vizuri, yanakuongezea nyuzinyuzi.

Upishi unabadilisha sana. Kiazi kilichochemshwa kinapandisha sukari ya damu polepole kuliko mkate mweupe. Kiazi hichohicho kikichomwa kwenye mkaa kwa muda mrefu, joto kavu linaufungua wanga wake na kasi inaongezeka mpaka kinaweza kulingana na mkate au kuupita. Ni kitamu zaidi kikichomwa, sibishi. Ila mwenye kisukari achemshe.

Kuna kile cha rangi ya chungwa ndani, ambacho wengi wanakiita kiazi lishe. Mbegu kama Kabode na Mataya ni za kundi hilo. Rangi hiyo ndiyo malighafi ya vitamini A, jambo ambalo mkate hauna na kiazi cheupe hakina. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano ningekichagua kila ninapokiona sokoni. Mwili unahitaji mafuta kidogo ili kuifyonza vitamini hiyo, kwa hiyo karanga tulizozitaja zinafanya kazi mbili kwa mpigo. Wapo wanaolalamika kwamba kiazi lishe kina majimaji na hakina unga mdomoni. Ni kweli kwa baadhi ya mbegu. Watoto hawaoni tatizo. Wanaolalamika ni baba zao.

Miezi ya ukame, walio na ndugu Shinyanga au Tabora huletewa michembe na matobolwa. Michembe ni viazi vilivyokatwa na kuanikwa vibichi, matobolwa vimechemshwa kwanza. Vikipikwa kwa karanga ya kutwanga ni kifungua kinywa kamili, japo mtu wa mjini lazima avizoee.

Mihogo na magimbi

Haraka haraka. Muhogo una kalori nyingi na kidogo cha ziada. Kwenye jedwali unalingana na mkate mweupe kwa nyuzinyuzi na unashindwa mbali kwa protini. Ukiupenda, ule, lakini usiuite mbadala wa afya kwa kuwa tu umetoka ardhini. Ule wa kukaanga barabarani wenye pilipili na kachumbari ni burudani ya jioni. Chagua aina tamu, menya ganda lote pamoja na lile la ndani, chemsha mpaka ulainike. Aina chungu ina sumu inayohitaji kulowekwa na kukaushwa, na hiyo si kazi ya asubuhi.

Magimbi ni bora zaidi kwa nyuzinyuzi, ila hayastawi kwenye ukame wetu, yanasafirishwa, na bei yake inaonyesha hivyo. Lazima yaive kabisa, la sivyo yatawasha koo. Kwa siku ya wageni, sawa.

Uji: hapa ndipo pana mjadala

Ukimwambia mtu wa Dodoma aache mkate anywe uji, anafikiri umemrudisha utotoni. Anachokikumbuka ni uji mwembamba wa sembe wenye sukari vijiko vinne, na huo kweli hauna maana: kikombe chake kina unga kidogo sana, wanga wake umekobolewa kama ule wa mkate, na vijiko vinne ni gramu 16 za sukari. Shirika la Afya Duniani linasema ni vyema sukari ya kuongeza isizidi takriban gramu 25 kwa siku. Kikombe kimoja kimeshakula zaidi ya nusu.

Uji ninaouzungumzia ni mzito, bakuli moja lenye gramu 65 mpaka 70 za unga, yaani kama vijiko saba au nane vya mezani visivyojaa sana, wa nafaka nzima isiyokobolewa. Katika kanda hii tuna tatu, na hazifanani.

*Uwele* ndiyo nafaka ya Wagogo hasa, pamoja na mtama. Unavumilia jua ambalo mahindi yanakauka chini yake, na utafiti wa mbegu zake umefanyika kwa miaka mingi pale Hombolo. Una protini nyingi kuliko ulezi, una madini ya chuma mengi, na una mafuta yake ya asili. Mafuta hayo ndiyo yanayoharibu unga upesi. Ladha yake ni nzito, kama ya karanga. Anayezoea sembe atauona mweusi na mchungu kidogo mwanzoni. Changanya na unga wa mtama mweupe nusu kwa nusu, kisha punguza mtama taratibu.

*Ulezi* ni bei juu kuliko wenzake, lakini hakuna nafaka inayoukaribia kwa kalsiamu: zaidi ya miligramu 300 katika gramu 100 za unga. Kwa mzee wa mifupa, mama anayenyonyesha, au mtoto asiyekunywa maziwa, hapo ndipo pesa ya ziada inapokwenda. Uji wake pia ndio unaokubalika kwa urahisi kuliko yote. Rangi ya chokoleti inasaidia.

*Mtama* uko katikati kwa protini na mafuta, na ndio rahisi kwa bei. Angalia rangi. Mara nyingi mtama mwekundu una tanini nyingi, ule ukali ukali unaokausha ulimi, ambayo wakulima wengine wanaipenda kwa kuwa kweleakwelea hawaupendi. Tanini hiyo hupunguza ufyonzwaji wa protini na chuma. Mtama mweupe kama Macia hauna shida hiyo, na ndio wa kununua kwa uji na chapati.

Nafaka zote tatu zina kitu kinachofungia madini yake yasifyonzwe vizuri. Dawa yake bibi zetu waliijua bila maabara: kuuchachusha uji usiku mmoja, au kuotesha nafaka na kupata kimea. Kijiko kimoja cha unga wa kimea kikitiwa kwenye uji mzito uliopoa kidogo unalegea na kuwa wa kunywa bila kuongeza maji, kwa hiyo mtoto mdogo anapata unga mwingi katika tumbo dogo. Na ukishauepua, koroga unga wa ubuyu. Mkoa huu mibuyu imejaa, na ubuyu una vitamini C inayosaidia chuma kufyonzwa. Ukiuchemsha pamoja na uji vitamini hiyo inapotea, ndiyo maana nasema baada ya kuepua. Ukali wake mtamu unaondoa hamu ya sukari kwa kiasi fulani. Chai ya rangi iahirishe saa moja mbele, kwa kuwa majani ya chai yanafungia chuma kuliko kitu kingine chochote kilichopo mezani.

Kuhusu ule unga wa lishe wa mchanganyiko wa nafaka nane, soya, karanga, mchele na vinginevyo, mimi siutetei. Nafaka ya tano haiongezi kitu kikubwa juu ya zile za kwanza. Soya na karanga zinahitaji maandalizi na muda wa kuiva tofauti na wa ulezi. Na karanga iliyokwisha kusagwa huwezi kuichambua. Hilo la mwisho si la kupuuza katika mkoa huu. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyotokana na mahindi yaliyoota ukungu. Sumu hiyo inapenda mahindi na karanga hasa, haionekani kwenye unga, na kuchemsha au kukaanga hakuimalizi. Kwa hiyo nunua karanga nzima, kavu, ngumu. Toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye uvundo. Saga mwenyewe au itwange kwenye kinu. Kama mahindi yako umeyatilia shaka, hamia uwele na mtama, ambazo hazishambuliwi na sumu hiyo kwa kiwango cha mahindi.

Muda wa kupika: dakika 15 hadi 20 kwenye gesi, zaidi kwenye mkaa. Ukiuwahi alfajiri unautia kwenye chupa ya chai na unakwenda nao ofisini. Hapa ndipo uji unashindwa na viazi kwa nyumba yenye mtu mmoja wa kupika na watoto watatu wa kuvalisha.

Kiporo

Najua wapo wanaoona aibu kumpa mgeni kiporo. Lakini ugali wa mtama wa jana, ukipashwa na kuliwa na maziwa mgando, unaushinda mkate mweupe kwa karibu kila kipimo kilichopo kwenye jedwali langu, na hauongezi hata shilingi moja kwenye bajeti. Wanga ukipikwa kisha ukapoa, sehemu yake hubadilika na kuwa sugu kwa mmeng'enyo, kwa hiyo sukari hupanda polepole kidogo kuliko ugali wa moto. Nasisitiza kidogo, isiwe sababu ya kula sahani mbili. Makande ya jana ndiyo mfalme wa kundi hili kwa kuwa mahindi na maharage tayari wako pamoja, na protini imeshajisogeza yenyewe.

Wali ni habari nyingine. Wali ulioachwa mezani usiku kucha mwezi wa kumi au wa kumi na moja, joto likiwa limetanda, unaotesha vijidudu ambavyo sumu yake haiishi hata ukiupasha moto. Uweke kwenye friji usiku huohuo ukishapoa, au usiuweke kabisa. Viporo vingine, ukiacha viazi, vipashwe mpaka vitoe mvuke katikati, si pembeni tu.

Njugu mawe, mshindi asiyetajwa

Kama ningelazimishwa kuchagua kitu kimoja kinachostahili kurudi mezani asubuhi katika kanda ya kati, ningechagua njugu mawe. Ni jamii ya mikunde, kwa hiyo zinaleta wanga na protini kwa pamoja, kitu ambacho hakuna kiazi wala nafaka kwenye orodha hii kinachokifanya vizuri namna hiyo. Zinavumilia ukame wa Dodoma na Singida. Zikiwa mbichi zinachemshwa na maganda kama karanga, chumvi kidogo, zinaliwa kwa mkono huku mtu anakunywa chai. Zikiwa kavu zinahitaji kulowekwa usiku na kuchemshwa muda mrefu, na hapo ndipo watu wanakata tamaa. Pika sufuria kubwa Jumapili, gawa kwenye mifuko, weka friji. Zilizokwisha kuiva zinapashwa kwa dakika tano. Asiye na friji apike kunde, ambazo zinaiva haraka zaidi.

Tatizo pekee ni gesi, na simaanishi ya mtungi. Kumwaga maji ya kulowekea kunapunguza.

Chapati, maandazi, vitumbua

Maandazi ni ngano ileile iliyokobolewa, ikaongezewa sukari, ikazamishwa kwenye mafuta. Vitumbua ni mchele badala ya ngano, vingine vyote vilevile. Sina la zaidi.

Chapati inastahili mjadala mfupi. Ya kawaida ya mama lishe ina mafuta ndani na nje. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ni kalori 120, na chapati moja inaweza kumeza zaidi ya hicho. Lakini chapati ina faida ya mkate: inakunjwa, inabebwa, inaingia kwenye kopo la mtoto wa shule. Kwa hiyo badala ya kuiacha, ibadilishe. Chukua unga wa atta, yaani wa ngano isiyokobolewa, nusu na unga wa mtama mweupe nusu. Mtama hauna gluteni inayofanya donge livutike, ndiyo maana mtama mtupu unakatikakatika, atta inaubeba. Kanda kwa maji ya moto sana, kijiko kimoja cha mafuta kwa unga wote, acha nusu saa, sukuma isiwe nyembamba mno, choma kwenye chuma kikavu bila kumwaga mafuta. Ukikunjia maharage yaliyopondwa au yai ndani yake, mtoto amebeba chakula kinachofika saa sita bila kuvunjika. Hazitakuwa laini kama za sokoni. Zifunike kwa kitambaa zikiwa za moto na zitatulia.

Mkate wa brauni

Wengi huukimbilia huu kwanza kwa kuwa haubadilishi kitu chochote cha asubuhi yao, na siwalaumu. Ule wa kweli wa ngano isiyokobolewa una nyuzinyuzi mara mbili na zaidi ya mkate mweupe, na protini zaidi. Tatizo ni kwamba rangi haithibitishi kitu. Sukari iliyounguzwa nayo hutoa rangi hiyo. Geuza mfuko usome viambato: kitu cha kwanza kuandikwa kiwe ngano nzima. Kikiwa ni unga wa ngano tu, na ngano nzima iko chini zaidi, baada ya sukari, umelipia rangi. Mkate wa kweli ni mzito mkononi na haurudi juu haraka ukiubonyeza. Na chumvi yake haipungui, kwa hiyo mwenye presha hajapona bado.

Nani achukue kipi

Nyumba yenye watoto wa shule na mpishi mmoja: viazi vitamu vilivyopikwa jana na karanga, siku tatu au nne kwa wiki, siku nyingine chapati ya mtama. Mkate usiufukuze kabisa. Siku ya safari au siku gesi imekatika, utaokoa jahazi.

Mwenye kisukari: njugu mawe au kunde kwanza, kisha viazi vya kuchemsha kwa kipimo, kisha uji mzito wa uwele bila sukari. Uji mwembamba wa aina yoyote auogope, kwa sababu unanyweka haraka na unafika haraka. Ukiwa na kipimo cha kidole nyumbani, pima saa mbili baada ya kula chakula kipya. Mwili wako unaweza kutofautiana na jedwali langu. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari azungumze na daktari wake kabla ya kubadilisha kifungua kinywa, kwa kuwa dozi ilipangwa juu ya kile alichokuwa anakula.

Mwenye presha: chochote kati ya vya kuchemsha, mradi asihamishie chumvi ya mkate kwenye maji ya viazi.

Mzee asiye na meno mengi na mtoto anayeanza kula: ulezi, wenye kimea kwa mtoto, wenye maziwa kwa mzee. Mjamzito anayeacha mkate ajue anaacha pia chuma na foliki zilizoongezwa kiwandani. Aongeze mboga za majani, kunde na ubuyu, na aendelee na vidonge alivyopewa kliniki.

Mfanyakazi anayeishi peke yake Nkuhungu au Kisasa na kutoka alfajiri: kiporo cha makande, au mayai mawili ya kuchemsha na kiazi kimoja. Supu na chapati ya pale kituoni siyo mbaya kama watu wanavyosema. Omba chapati moja badala ya mbili, na uongeze ndimu.

Kuhusu ununuzi, uwele na mtama nunua nafaka nzima kwa sado mara baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa sita, bei ikiwa chini na mzigo ukiwa mkavu. Uma punje: ikivunjika kwa mlio ni kavu, ikibonyea achana nayo. Peleka mashine ya kusaga kiasi cha wiki mbili tu, na mwombe mwenye mashine asikoboe na asisage mara baada ya mahindi ya mteja mwingine. Unga wa uwele ukikaa mwezi mzima kwenye joto la Dodoma unakuwa mchungu, na sukari yote ya dukani haiwezi kuuficha.